Bwana Misitu na Jiko la Chumba cha Mzazi

Mtaani kwetu Mjimwema tulimwita Bwana Misitu, ingawa alikuwa ameshastaafu kazi ya misitu kabla mimi sijahamia nyumba ya pili kutoka kwake. Nimekuwa jirani yake miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo aliniuliza maswali mengi kuliko mume wangu alivyowahi kuniuliza: mkaa wa leo nimenunua kwa nani, umedumu mpaka saa ngapi, sufuria ilikuwa na mfuniko au nilikuwa nachemshia ndege wa angani? Yote nilimjibu kweli, isipokuwa swali moja. Hilo nilimjibu uongo, yeye akauamini, na akauishi uongo wangu kwa miaka sita. Kwa hiyo anayesoma habari hizi ajue mapema kwamba sina haki kubwa ya kumsifu mtu huyu, wala ya kumcheka, na hapa nitafanya yote mawili.

Mimi ni mama ntilie. Nina kibanda Bombambili, nauza chai, uji, chapati na wali maharage kwa waendesha bodaboda na mafundi wanaopita asubuhi na baiskeli zao. Kwa mtu wa kazi yangu moto ndio mtaji. Nyama ikipanda bei unapunguza vipande, lakini mkaa ukipanda bei huwezi kumpa mteja chai ya vuguvugu. Siku ya kwanza Bwana Misitu alipofika kibandani hakuagiza kitu. Aliinama akachungulia chini ya meza, nilipokuwa nimeweka jiko langu la bati, akatazama jinsi makaa yanavyomwaga joto pembeni.

"Mama Ado," akasema, "unapika chai, au unaipasha moto Bombambili nzima?"

Wateja wakacheka. Mimi nilikasirika, nikamwambia kama hana hela ya chai anipishe. Kesho yake akarudi na mzani.

Mzani ule ulikuwa wa ndoano, wa kuning'iniza, wa wale wanaopima mahindi vijijini. Alinining'inizia mkaa wangu kwenye mfuko wa rambo, akaandika. Akanipimia maharage, akanipimia maji, akakaa kwenye kigoda na saa yake mkononi mpaka maharage yakaiva. Kesho yake alileta jiko jingine, lile la bati lenye udongo wa kuchomwa kwa ndani, akarudia kila kitu vilevile, hata kigoda akakiweka palepale. Siku ya tatu alinisomea hesabu yangu mbele ya wateja kana kwamba ananisomea mashtaka. Niseme kweli: kwa jiko lile debe la mkaa lililokuwa likiniishia Jumatano lilianza kufika Ijumaa. Nilimpa chai ya bure. Akaikataa kwa sababu sufuria haikuwa na mfuniko.

"Jiko hulinunui mara moja," alikuwa akisema. "Unalinunua kila asubuhi."

Huo ndio uliokuwa wimbo wake. Watu wanaangalia bei ya dukani, alisema, wanachukua la rahisi, halafu wanalilisha mkaa mwaka mzima kama wamefuga nguruwe. Kwake nyuma ya nyumba kulikuwa na majiko ya kila namna: la bati tupu, la udongo, la kuni lenye mlango mdogo, na moja la pumba za mbao analoshindilia kwa chupa katikati ili liache tundu la hewa. Kila aliyepata jiko jipya alimpelekea alipime. Kipimo kilikuwa kilekile, kilo moja ya maharage ya Mbinga, na kwa kuwa maharage yakishaiva hayawezi kurudi guniani, mtaa mzima tulikula maharage ya utafiti. Watoto wa jirani walikuwa wakipita na sahani bila kuitwa.

Na hakupendelea jiko lolote. La pumba alilisifu kwa kuwa pumba viwandani walikuwa wakizimwaga tu, lakini alionya kwamba ukishaliwasha limekushika, halizimwi mpaka limalize lenyewe. Gesi ilimkera kwa sababu ilishinda. Kwa chai ya asubuhi ilishinda mkaa, akaandika hivyo, akatia mstari chini kwa hasira. Ila aliuliza ni nani kwetu mwenye hela ya kujaza mtungi kwa mkupuo. "Maskini ananunua moto kwa kopo," alisema, "ndiyo maana anaununua ghali kuliko tajiri." Siku moja aliombwa na mfanyakazi mmoja wa ofisi aende kupima chungu chake cha umeme. Alirudi kimya, akakaa kimya siku mbili. Ilibidi mkewe, aliyekuwa hai bado, atueleze kwamba chungu kile kimeshinda yote kwa maharage. Tulipomwuliza, Bwana Misitu alijibu, "Siku umeme ukiwepo," akaingia ndani.

Sasa mtu huyo wa mizani, nyumbani kwake mwenyewe alipikiwa wapi? Kwenye mafiga matatu! Mkewe aliinjika kwenye mawe kama bibi zetu, moshi ukijaa mpaka kwenye miti ya parachichi. Nilimwuliza haoni aibu. Alisema ugali wa mafiga una ladha ambayo mzani haupimi. Tena akasema, "Moshi wa mafiga ninauona. Kitu unachokiona hakikuibii." Na gesi ile aliyoiandika kuwa mshindi aliiogopa. Mtu akiiwasha yeye alitoka nje kwanza, anasimama mlangoni, anauliza, "Tayari?"

Alikuwa mkali. Hakujua kusifu, na ukimwonyesha kitu ulichofanya vizuri atakuonyesha pembe iliyopinda. Sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani, wakati kina mama tunapika pilau, alikuwa anazunguka akichomoa kuni kwenye moto, anasema tatu zinatosha. Mama mmoja anayepika pombe ya komoni, mtu mwenye mikono ya kukoroga mapipa, alimfukuza na mwiko mpaka barabarani. Bwana Misitu alikimbia, mzee mzima, kofia mkononi, lakini aliporudi alichomoa kuni nyingine. Yule mama mwenyewe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kuni zake siku hizi zinabaki.

Nilidhani ni ubahili. Kumbe lilikuwa jambo jingine, na aliniambia siku moja tu, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya maji bombani, bila mimi kumwuliza. Alipokuwa kazini, kazi yake ilikuwa kukamata mkaa. Asubuhi wanashuka watu na baiskeli kutoka upande wa Matogoro, magunia mawili mawili, na yeye anawasimamisha. Kuna mmoja alimnyang'anya mkaa akamwona anakaa chini, mtu mzima, analia. Akampeleka mkaa ule ofisini. Jioni akaenda nyumbani.

"Nikala," akaniambia. "Nimeshashiba ndipo nikajiuliza chakula hiki kimepikwa na nini. Kimepikwa kwa mkaa, Mama Ado. Mke wangu siku hizo alikuwa ananunua mkaa, labda wa mtu yuleyule."

Tangu siku ile, alisema, mke akarudi kwenye mafiga na kuni za matawi yaliyokauka, na yeye akaanza kuwaza kwamba mti hauokolewi porini kwa faini, unaokolewa jikoni. Alipostaafu akanunua mzani. Nilimheshimu sana siku ile, na kwa vile mimi sijui kuheshimu kimyakimya, nikamwambia, "Basi ungemrudishia yule mtu magunia yake." Akasema alimtafuta hakumpata.

Nimefika mahali nilipokuwa nachelewa kufika.

Nina mdogo wangu mmoja, Oliva. Ameolewa na mwalimu wa shule ya msingi kule Namasakata, Tunduru. Mama yetu ameshafariki, kwa hiyo ujauzito wa kwanza ulipokomaa alikuja kujifungulia kwangu, karibu na hospitali na karibu na dada. Alijifungua salama mtoto wa kike. Ilikuwa mwezi wa sita, na mgeni wa Songea mwambie aje mwezi wa sita aone baridi inavyoingia mpaka kwenye magego.

Kwetu mzazi hupashwa moto. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumba chake kinawekwa jiko la mkaa, kwa sababu mama zetu walisema mzazi akiingiwa na ubaridi tumbo halirudi mahali pake na maziwa yanakataa. Mtu atasema, hamkusikia redioni kwamba mkaa unaua? Tulisikia. Kila mwaka tunasikia. Lakini sote tulikuwa na maelezo yetu, tuliyolelewa nayo: mkaa unaoua ni ule mweusi, unaofuka, ambao haujashika. Ukishakuwa mwekundu wote, sumu imeisha, umekuwa safi. Mimi niliamini hivyo. Yule mama wa komoni aliamini hivyo. Na Bwana Misitu, aliyesoma chuo, aliyeweza kukuambia mkaa wa mti gani unadumu na wa mti gani unarukaruka cheche, yeye naye aliamini hivyo.

Nilikwenda kumwuliza jiko gani linafaa kwa chumba cha mzazi. Alifurahi, naikumbuka furaha yake. Alikuja mwenyewe, akahesabu hatua za chumba kwa urefu na upana, akatazama dirisha langu la mbao.

"Lile la udongo," akasema. "Linatunza moto mpaka alfajiri kwa mkaa kidogo sana. Liwashie nje, usiliingize mpaka mkaa uwe mwekundu wote. Na dirisha usifunge. Acha kiganja."

Akaweka kiganja chake kwenye upenyo wa dirisha nikione. Halafu akaokota gunzi la hindi uani, akalibana pale ili ubao usijifunge kwa upepo. Alipotoka alimpungia Oliva mkono kutoka mlangoni tu, kwa kuwa mwanamume haingii kwa mzazi bila sababu.

Siku nane chumba kilikuwa na joto zuri na hakuna aliyelalamika. Siku ya tisa upepo ulivuma tangu mchana. Jioni, Oliva ameshasinzia, nilikuwa nainuka kwenda kulala mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili. Nikalitoa lile gunzi, nikavuta ubao wa dirisha mpaka mwisho, nikatandaza kanga chini ya mlango. Nilijiona dada mwema. Nilikwenda kulala moyo wangu umetulia kabisa.

Asubuhi mtoto hakuamka. Oliva alikuwa anapumua lakini haitiki. Nilifungua mlango, nikafungua dirisha, ndipo nikapiga kelele. Kwa hiyo majirani walipofika walilikuta dirisha wazi.

Oliva alilala hospitali siku tatu na akapona. Siku ya kwanza ileile, mimi nimekaa kwenye benchi la koridoni, Bwana Misitu alikuja na sweta lake la kijani la kazini. Daktari alikuwa ameshatuambia ni hewa ya mkaa. Alisimama mbele yangu, hakunipa hata pole, aliuliza moja kwa moja kama kawaida yake.

"Mama Ado, dirisha lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

"Kiganja?"

"Kiganja."

Alikitazama kiganja chake. Akakaa kwenye benchi, mbali kidogo na mimi.

Kwa nini nilidanganya? Mdogo wangu alikuwa nyuma ya ukuta ule. Shemeji alikuwa njiani kwenye basi la kutoka Tunduru, na ningepaswa kumtazama usoni. Nilijiambia nitasema kesho, wakishazika. Baada ya kuzika nikajiambia nitasema Oliva akipata nguvu. Uongo una ujanja huo, haukukatazi kusema kweli, unakuomba tu usubiri kidogo.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwangu. Baada ya rozari Bwana Misitu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, alisimama.

"Jiko nililipima mimi," akasema. "Chumba nilikipima mimi. Mtoto nimemuua mimi. Chagueni mwenyekiti mwingine."

Watu wakasema asitamke hivyo, ni mapenzi ya Mungu. Nami nilisema, sauti yangu ikiwa katikati ya zao, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Oliva alikuwa ameniegemea begani.

Tangu wiki ile hakupokea tena komunyo. Alikuja kanisani kila Jumapili, akaketi benchi lake la siku zote upande wa wanaume, na watu walipopanga mstari yeye alibaki ameketi, magoti ameyapinda pembeni ili wenzake wapite. Mkewe alipita. Mwaka wa pili mkewe alifariki, na hata kwenye misa ya kumuaga hakuinuka. Na mimi? Mimi nilipanga mstari. Kama nisingepanga watu wangeuliza. Kila Jumapili nilipita karibu na magoti yale, nikafungua mdomo, nikasema Amina. Niliungama, sikukaa kabisa bila kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia dhambi yangu ameisikia Mungu lakini kuna mtu mwingine anayepaswa kuisikia. Nikasema nitakwenda. Sikwenda, na baada ya hapo nikawa naungama kwa mapadri wageni.

Majiko yake aliyavunja. Siyo kwa hasira. Aliyavunja kwa utaratibu, moja baada ya jingine, akauza bati chakavu. Mzani akampa mfanyabiashara wa mahindi. Nilidhani atajifungia ndani, lakini alifanya kitu ambacho kwangu kilikuwa kibaya zaidi. Ikifika miezi ya baridi, saa za jua kuzama, alianza kupita nyumba hadi nyumba na fimbo. "Hodi. Kuna jiko ndani?" Ukisema hakuna, alisimama, ananusa. Ukisema lipo, anasema, "Toa." Anangoja mpaka utoe. Watu wenye heshima zao walimfungia milango. Vijana walimwita Bwana Toa. Nyumba moja yenye mzazi walikataa, akaingia mwenyewe, akalibeba jiko linawaka kwa mikono mitupu mpaka uani. Alama ya kuungua aliyoipata haikutoka tena.

Walipombishia kwamba wao dirisha huwa wanaliacha wazi, alikuwa na jibu lake.

"Hata likiwa wazi. Wewe unadhani, mimi nina ushahidi."

Ushahidi ulikuwa mimi. Nilikuwa nakaa kibandani nakanda unga, nasikia mteja anamsimulia mwenzake kwamba yule mzee ana ushahidi, mkaa unaua hata dirisha likiwa wazi, muulize Mama Ado. Wakaniuliza kweli. Nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo mara nyingi mno.

Nilianza kumkwepa. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini, nikawa nazunguka nyuma ya shule. Tukikutana nilimwamkia, "Shikamoo, Bwana Misitu," naye akaitikia, "Marahaba, mama," na akanitazama kwa upole ambao hakuwa nao zamani. Alikuwa ananihurumia. Wakati wa baridi alikuja mara mbili kunirekebishia ubao wa dirisha, bila kuombwa, na mimi nilijificha chumbani nikamwacha apigilie misumari.

Mwaka huu Oliva alinipigia simu. Ni mjamzito tena. Ilimchukua miaka sita kukubali. Anataka kuja kujifungulia kwangu, kwa kuwa hospitali ni hapa na dada ni mimi.

"Itakuwa mwezi wa saba, dada. Baridi," akasema. "Nenda kamuulize Bwana Misitu tukipashe vipi chumba."

"Bwana Misitu?"

"Ndiyo. Yule mzee hana kosa. Mbona alituambia vizuri?"

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Siku tatu nilikuwa naunguza chapati. Siku ya nne nilifunga kibanda saa nne asubuhi, kitu ambacho sijawahi kufanya bila msiba, nikaenda.

Binti yake, aliyehamia kumuuguza, alinipitisha nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa ameketi juani, miguu imevimba ameiweka juu ya gogo. Amekonda usoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti mbali kidogo. Nikampa salamu za Oliva na habari yake. Alifumba macho kidogo alipoisikia.

"Asante Mungu," akasema. "Sasa sikiliza. Jiko hapana. Hata dakika moja."

Akanieleza, kwa mpango wake uleule wa zamani. Maji ya moto kwenye chupa za soda, vizibo vikazwe, kila chupa ifungwe kwenye kanga, ziwekwe miguuni kwa mzazi, zisimguse mtoto. Mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yao wote wawili. Zulia au mkeka mnene uwekwe chini na ukutani. Maji yachemshwe uani, mfuniko usisahaulike. Alikuwa ameuliza wauguzi, alisema, amewasumbua mpaka wamemzoea. Aliuliza pia habari ya mkaa mwekundu. Wakamwambia mkaa mwekundu ndio huohuo, tofauti yake na mweusi ni kwamba huuoni ukifanya kazi.

"Nilikuwa sijui," akasema. "Nilikuwa nimesoma miti yote, hilo sikulijua. Na nisingelijua. Wewe ndiye uliyenifundisha, Mama Ado."

"Mimi?"

"Siku ile hospitali. Mtu mwingine angesema labda dirisha lilifungwa, angenitetea. Mimi ningeshikilia kiganja changu mpaka leo. Ningeendelea kugawa majiko, naweka magunzi kwenye madirisha ya watu. Ulinijibu kweli wakati umefiwa, ndipo nikajua kiganja hakitoshi. Nimehesabu nyumba ambazo nimetoa majiko. Nyumba zile ni zako."

Hapo ndipo mlango wa kunyamaza milele ulipokuwa wazi kwangu. Uongo wangu ulikuwa umefanya kazi njema, amenishukuru kwa mdomo wake mwenyewe, na ukweli usingemfufua mtu. Ningeweza kusema, "Haya, Bwana Misitu, pole na miguu," nikaenda zangu. Nilishainuka nusu. Halafu nikaiona ile alama ya kuungua kwenye mkono wake uliolala pajani, nikakaa tena.

"Dirisha lilikuwa limefungwa," nikasema.

Akanigeukia.

"Nililifunga mimi. Mtoto alipiga chafya. Nilitoa gunzi, nikafunga, nikaweka na kanga mlangoni. Asubuhi nikafungua, ndipo nikaita watu. Nilikudanganya, Bwana Misitu."

Ndani binti yake alikuwa anaosha vyombo. Nilingoja anifukuze. Nilingoja aseme kwamba kumbe jiko halikuwa na kosa, kumbe kipimo chake kilikuwa sawa, nirudishe miaka yake, nimrudishie komunyo yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote, nilikuwa hata nayataka.

"Oliva anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Mumeo?"

"Hajui. Padri tu."

Alitikisa kichwa polepole, muda mrefu.

"Kiganja kisingetosha," akasema. "Wauguzi wameniambia. Usiku mzima, chumba kile, kisingetosha. Sisemi hivyo kukufariji, nakuambia ilivyo. Ulikosea wewe, nilikosea mimi."

Nikaanza kulia, na mimi huwa nalia vibaya, kwa sauti. Binti yake akatoka na mikono yenye povu, Bwana Misitu akamwashiria arudi ndani.

"Miaka sita, Mama Ado," akasema. "Nyumba ya pili tu. Mke wangu amekufa nikiwa siwezi hata kumwambia ninavyolala. Nilidhani mtaa huu mzima ni mimi peke yangu niliyemuua yule mtoto. Ungeniambia siku ile pale kwenye benchi. Tungelia wawili."